Hamsini ya Tatu

Mpwa wangu anaogelea akiwa amekaa kwenye zulia. Amekunja miguu, amefumba macho, saa ya kupimia muda ameishika kiganjani, na nje ya dirisha la ghorofa ya kumi na moja theluji inaangukia Don Mills Road. Anabonyeza kitufe, ananyamaza. Mabega yanamtikisika kidogo sana, kama ya mtu anayeota. Mama yake, ambaye ni dada yangu, anapita na sinia la vikombe kwa kunyata, vile watu wanavyopita karibu na anayeswali. Kitufe kinalia tena. Binti anafumbua macho, anatazama saa, anasonya.

"Mbili ishirini na moja," anasema. "Uongo huu, mjomba."

Mita 200 za mtindo wa kipepeo hajawahi kuziogelea kwa dakika 2 na sekunde 21. Muda wake bora wakati ule ulikuwa 2:34. Akili yake ilikuwa imeokoa sekunde 13 bila hata kulowa, na yeye hakufurahi. Alivuta daftari, akaandika namba ile, akaizungushia duara, kisha akafumba macho tena kuzitafuta hizo sekunde zilikopotelea.

Mimi nilizaliwa Unguja. Utotoni tulikuwa tukijirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, mmoja akipiga sarakasi hewani, mwingine akitua na tumbo na kuchekwa hadi magharibi. Nilidhani ninayajua maji. Nilipohamia huku na kuanza kumpeleka mtoto wa dada yangu mazoezini, kwa kuwa mama yake ana zamu za usiku hospitalini, ndipo nilipogundua kwamba sisi maji tulikuwa tukiyachezea tu. Hawa wenzetu wanayahesabu. Nimekaa pembeni ya bwawa miaka mitatu sasa, nimekunywa chai ya chupa isiyo na idadi, na ninachotaka kusimulia ni jinsi kazi hiyo ya kuhesabu inavyofanywa, maana ni ufundi kama ufundi wa seremala, na asiyeukalia muda mrefu hauoni.

Kwanza mahali penyewe. Don Mills ni mtaa uliochorwa karatasini kabla haujajengwa. Tajiri mmoja, E. P. Taylor, alinunua mashamba upande huu wa Toronto, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpangaji miji kijana, Macklin Hancock, akayagawa katika vitongoji vinne kuzunguka kituo cha maduka, pale Don Mills Road inapokutana na Lawrence. Jina ni la zamani zaidi, limetokana na vinu vilivyokuwa vikisukumwa na maji ya mto Don. Siku hizi ukisimama kwenye foleni ya duka la vyakula utasikia Kifarsi, Kitagalogi, Kigujarati, na mara mojamoja Kiswahili cha wazee wa Kiismailia waliotoka Dar, Mombasa na Kampala, baadhi yao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Jengo lao la ibada liko hapa hapa, Wynford Drive, jirani na Makumbusho ya Aga Khan, yote mawili yalifunguliwa mwaka 2014. Katikati yake kuna bustani yenye vidimbwi vya mawe meusi, maji yametulia kama kioo, hakuna wa kuyagusa. Mpwa wangu akipita pale huyatazama kwa huruma. "Maji mazuri hivi," husema, "na hayana kazi."

Yake yana kazi. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, reli ya chini bado imelala, nawasha gari. Januari kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Anaingia na mkoba mkubwa kuliko yeye. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Umelala?" "Nimelala." Basi, mazungumzo yameisha hadi tutakaporudi, nywele zake zikiwa zimeganda ncha kwa baridi ya hatua ishirini kutoka mlangoni hadi garini.

Bwawa ni la ndani, mita 25, njia sita. Ukifungua mlango joto lenye harufu ya klorini linakupiga usoni na miwani yako inafanya ukungu. Kocha ni mama wa makamo, mkavu, mwenye karatasi iliyofunikwa plastiki isilowe. Kusema kweli siku za mwanzo nilikuwa nikisubiri maneno. Nilikuwa nimesikia kwamba klabu hii inafundisha "akili ya mashindano", nikategemea hotuba, labda na muziki. Ukutani kuna bango la kutia moyo, lenye picha ya mlima, na katika miaka mitatu sijamwona mwogeleaji hata mmoja akilisoma. Kinachosomwa ni saa.

Saa ya bwawa haikuambii ni saa ngapi. Ni uso mpana wenye namba za sekunde tu, hadi 60, na mshale mmoja mwekundu unaozunguka mchana kutwa. Kocha anasema, kwa mfano, mia kumi kwa 1:25. Maana yake utaogelea mita 100 mara kumi, na kila moja lazima uianze dakika 1 na sekunde 25 baada ya kuanza iliyotangulia. Ukifika kwa 1:15 umejipatia sekunde kumi za kupumua. Ukifika kwa 1:23, umeila mapumziko yako mwenyewe. Mia ya kwanza unaondoka mshale ukiwa juu, kwenye 60. Ya pili kwenye 25. Ya tatu kwenye 50. Halafu 15, 40, 05, 30, 55, 20, 45. Wenzako mnaochangia njia wanaondoka sekunde tano nyuma ya kila mmoja, kwa hiyo aliye wa tatu anaongeza kumi juu ya hesabu yote hiyo. Na hapo kifua kinapanda na kushuka, masikio yamejaa maji, mapigo ya moyo yanasikika hadi kwenye fizi.

Nilijaribu kuifanya hesabu hiyo nikiwa nimekaa, nimeshika kikombe. Nilipotea kwenye ya sita.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mtoto anayekokotoa ataondoka lini hana pa kuiweka huruma ya nafsi yake. Uchovu upo, lakini chumba kimepangishwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemwambia "kuwa jasiri". Amepewa mshale mwekundu aushughulikie, na kwa kuushughulikia mara sita kwa wiki, majira manne ya mwaka, amejenga kitu ambacho hotuba haiwezi kukijenga: mazoea ya kuiweka akili mahali anapotaka yeye.

Halafu kuna hesabu ya mikono. Akisukuma ukuta anakwenda chini ya maji kwa mateke ya pomboo, miguu yote miwili pamoja, na sheria inamruhusu mita 15 tu kabla kichwa hakijatoka. Yeye hupiga sita. Anatoka, anapiga mikono tisa, anagusa ukuta. Sita na tisa, sita na tisa, ukuta hadi ukuta. Ikiwa kumi, kuna kitu kimeharibika: ama hakusukuma vizuri, ama kiuno kimezama, ama ametoka chini mapema kwa tamaa ya hewa. Kabla kocha hajafungua mdomo yeye mwenyewe ameshajua, kwa kuwa namba imembadilikia mkononi. Fundi cherehani hujua uzi umelegea kwa mlio wa mashine kabla hajautazama mshono. Ni ujuzi wa aina hiyo.

Kuna msomi mmoja wa Marekani, Daniel Chambliss, mwanasosholojia, ambaye alikaa kwa muda mrefu na waogeleaji wa ngazi zote, na mwaka 1989 akachapisha makala iliyowakera wapenda miujiza. Alichokiona ni kwamba wale wa juu hawana dawa wala siri. Wanafanya mambo madogo, ya kawaida hata ya kuchosha kuyatazama, ila wanayafanya sawasawa na kila siku. Mfano wake mmoja ni Mary T. Meagher wa Kentucky. Alipokuwa na miaka 13 alijiwekea lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya mita 200 kipepeo, kisha akabadilisha mambo mawili tu. La kwanza, kufika mazoezini kwa wakati. La pili, kila anapogeuka ukutani, hata kwenye mazoezi ya asubuhi asipotazamwa na mtu, kugusa kwa mikono miwili kwa pamoja kama sheria inavyotaka. Mwaka 1981 aliogelea 2:05.96, na rekodi ile ilikaa hadi mwaka 2000.

Nilipolisikia jambo hilo nilianza kuitazama mikono ya watoto ukutani. Ni kweli. Mwamuzi hayupo alfajiri, na mtoto aliyechoka hugusa kwa mkono mmoja huku bega la pili limeshaanza kugeuka. Anaokoa labda robo ya sekunde. Mara kumi kwa dakika kumi, mara elfu kwa mwezi, anajifundisha kosa ambalo siku ya mashindano litamfuta kwenye matokeo, au atalazimika kulikumbuka ili alikwepe, na kukumbuka kunataka muda. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Kocha hakumkaripia. Alimpa kazi ya kuhesabu kugusa kwake kuzuri na kuandika jumla kila siku. Siku ya kwanza aliandika 61 kati ya 140. Nilidhani ataona haya. Aliniambia tu, garini, "Kumbe sikuwa najua," na kesho yake zikawa 88.

Daftari lile ningependa siku moja litunzwe mahali. Lina michirizi ya maji kila ukurasa. Hakuna ndani yake neno "ndoto" wala "ushindi". Kuna muda, mikono, saa za kulala, alichokula, na mstari mmoja wa alichokigundua. *Nikiinua kidevu, miguu inazama.* *Nimeogopa ya nne, si ya tano.* *Mama amepika biriani, nimekula sana, nimejuta mia ya saba.*

Sasa nirudi kwenye zulia na zile sekunde 13.

Yeye na kocha walizitafuta kwa namna rahisi. Akifumba macho na kuogelea kichwani, awe anagonga sakafu kwa kidole kila anapofika ukutani kwenye hamsini, na mtu mwingine ashike saa. Mtu mwingine nikawa mimi. Nikaandika: hamsini ya kwanza, sekunde 33. Ya pili, 38. Ya tatu, 31. Ya nne, 39. Tukalinganisha na mashindano yake halisi: 33, 39, 41, 41.

Tazama ile ya tatu. Majini sekunde 41, kichwani 31. Kumi kati ya zile kumi na tatu zilikuwa zimejificha hapo hapo.

Kocha alipoonyeshwa karatasi alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akasema karibu kila mtoto huleta karatasi ya namna hiyo. Hamsini ya kwanza mwili ni mpya na wewe ni shujaa. Ya pili una mdundo. Ya nne unauona mwisho, na anayeuona mwisho hupata nguvu kutoka popote. Ya tatu haina kitu. Upya umekwisha, ukuta wa mwisho bado haujaonekana, mabega yameanza kuungua, na hakuna anayeshangilia kwa kuwa hata jukwaani watu wanasubiri ya nne. Basi akili inafumba macho yake ya ndani na kuruka. Binti alikuwa ameogelea hamsini ya tatu mamia ya mara na hakuwahi kuwepo. Na kitu ambacho hukuwepo huwezi kukiwaza. Ukijaribu, utakipita mbio.

Mimi niliwahi kusikia habari hizi za kuona mbio kichwani na nikazidharau. Nilidhani ni kujipumbaza, kufumba macho ukajiona jukwaani na medali. Kumbe waogeleaji wenye ujuzi hawaendi jukwaani kabisa. Wanakwenda kwenye maji, na kwa kasi ileile ya maji, si haraka zaidi. Kipimo cha zoezi ni uaminifu. Kwa hiyo kazi ya mpwa wangu kwa majira yote ya baridi ikawa kujipunguzia kasi kichwani.

Dawa ilianzia bwawani. Kila mara walipoogelea mia mbili, alitakiwa kurudi na kitu kimoja kutoka hamsini ya tatu, kama mtu aliyetumwa sokoni. Siku moja alirudi na sauti: alisema pale maji husikika karibu zaidi, kama yameingia ndani ya kofia. Siku nyingine alirudi na mahali: kuungua hakuanzii begani bali nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, karibu na bendera zinazoning'inia mita tano kabla ya ukuta. Siku moja alirudi na jambo kubwa, ingawa lilisemwa kama dogo. Alisema, "Teke la pili linakufa."

Kipepeo kina mateke mawili kwa kila mkupuo wa mikono. La kwanza linapigwa mikono inapoingia majini, nalo halina shida, linakuja lenyewe. La pili linapigwa mikono inapotoka nyuma, na ndilo linaloinua kiuno na kuirusha mikono mbele. Ukichoka la pili hufifia likawa mtikisiko tu. Kiuno kinazama, kifua kinasimama, na kuanzia hapo unapanda mlima. Mikono kumi badala ya tisa, kama alivyokuwa akiandika. Sasa alijua inatoka wapi.

Makocha hupenda mwogeleaji awe na neno fupi la kujishikia wakati kama huo, neno linaloambatana na tendo, silabi chache, lisilohitaji kufikiriwa. Wenzake wana maneno yao ya Kiingereza. Yeye alianza kusema kimoyomoyo "pili" kila teke la pili linapofika. Pili. Pili. Pili. Alipomweleza mama yake jikoni, dada yangu aliacha mwiko akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu, wewe unaogelea unasema pilipili?" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hamsini ya tatu inaitwa pilipili. Na nadhani jina lilimsaidia kuliko tulivyotarajia. Anayeuma pilipili anajua itawasha. Hashangai.

Wapenzi wa kipepeo kutoka kwetu wana mbio yao moja ya kukumbuka. Beijing, Agosti 2008, mchujo wa mita 100: Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aligusa kwa 51.14, rekodi ya Olimpiki. Mkenya, kwenye bwawa. Rekodi haikulala hata usiku mmoja, kwani Milorad Čavić wa Serbia aliipita katika mchujo huohuo, lakini ilikuwa imeandikwa. Dunford alimaliza wa tano katika fainali, na miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi. Wengine wanamjua zaidi kwa jina la Samaki Mkuu, kwa kuwa baadaye aligeukia kurap kwa Kiswahili. Fainali ile ya Beijing ndiyo ile ambayo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 50.58 kwa 50.59. Čavić alikuwa mbele. Mkupuo wake wa mwisho ulimwacha mbali kidogo na ukuta, akateleza kuufuata. Phelps, nyuma yake, akapiga nusu ya mkupuo wa ziada, mfupi, usiopendeza, akaufikia.

Mpwa wangu ameitazama picha ile mara nyingi kuliko anavyotazama tamthilia. Mimi picha hiyo huniambia kitu kuhusu mazoezi ya alfajiri. Katika umbali ule wa mwisho hakuna wa kufikiri. Mikono inafanya ilichozoeshwa. Ndiyo maana kocha wetu huyu mkavu anakataa katakata mtoto amalize hata mita 25 za kupasha misuli kwa kuteleza akiwa ameinua kichwa. Anamrudisha. Mara nyingine watatu, wanne kwa wakati mmoja, wanarudi katikati ya njia kwenda kuugusa ukuta upya. Inachosha kutazama, na wazazi wengine wameshamlalamikia.

Siku tatu kabla ya ile fainali, Phelps aliogelea mita 200 kipepeo miwani yake ikiwa imejaa maji. Haoni mstari wa chini, haoni ukuta. Akahesabu mikono. Alijua ni mingapi, akaifuata hadi mwisho, akagusa kwa 1:52.03, rekodi ya dunia, kisha akaing'oa miwani kwa hasira. Kocha wake, Bob Bowman, amesimulia kwamba siku za nyuma aliwahi kuikanyaga miwani ya kijana huyo makusudi kabla ya kuingia majini, ili azoee kukosa. Sijui kama ningekubali mtu aikanyage miwani ya mpwa wangu, na bei zake. Ila yeye na wenzake huwa wanaogelea mara mojamoja macho yakiwa yamefumbwa, namba ndiyo macho, na aliyehesabu vibaya hujua kwa kichwa.

Toronto yenyewe ina mfano wa kale zaidi. Usiku wa tarehe 8 Septemba 1954, wakati Don Mills ndiyo kwanza inajengwa, msichana wa miaka 16 aitwaye Marilyn Bell aliingia Ziwa Ontario kutoka Youngstown, upande wa Marekani, kuelekea mjini hapa. Umbali wa moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 50. Mwaliko na ahadi ya dola 10,000 vilikuwa vya Mmarekani mashuhuri, Florence Chadwick. Bell aliingia kwa hiari yake. Kocha wake, Gus Ryder, alikuwa kwenye mashua na ubao. Msichana alipoanza kulegea, aliandika kwa chaki jambo moja, akalinyanyua juu. Chadwick alipotolewa majini akiwa hoi, ubao ukaandika hilo. Baadaye rafiki yake aliruka majini akaogelea kando yake kidogo. Bell alikaa majini karibu saa 21 na akafika. Nimempeleka mpwa wangu kwenye bustani yenye jina la mama yule, ukingoni mwa ziwa, siku ya upepo. Alisimama akatazama upande ambao Marekani haionekani. Nilitegemea aseme kitu kikubwa. Aliuliza, "Alikuwa anahesabu nini?"

Sikuwa na jibu, lakini nilipenda swali. Nadhani Ryder na ubao wake walikuwa wanafanya kazi ileile ya mshale mwekundu: kulikata ziwa vipande ambavyo akili ya mtoto inaweza kuvishika. Saa 21 hazishikiki. Neno moja la chaki linashikika.

Mabingwa wa sasa wa mji huu sitawakalia, wanajulikana. Summer McIntosh, aliyelelewa na klabu ya Etobicoke, alirudi kutoka Paris mwaka 2024 na dhahabu tatu, mojawapo ya mita 200 kipepeo. Josh Liendo, aliyepitia klabu ya North York, jiji la zamani ambalo Don Mills ilikuwa sehemu yake, alipata fedha ya mita 100 kipepeo kwa 49.99. Watoto wa bwawa letu wanawataja kama jirani aliyefaulu mtihani. Wanachojadili si medali. Wanabishana Liendo hupumua mara ngapi.

Desemba, mbio ya zuliani ilikuwa 2:24. Januari, 2:27. Katikati ya Februari ilikaa kwenye 2:29 wiki mbili na tulidhani imekwama. Mwanzoni mwa Machi alifumba macho, nikashika saa, kidole kikagonga: 33, 38, 41, 40. Dakika 2 na sekunde 32. Alipofungua macho kulikuwa na jasho juu ya mdomo wake, na alikuwa amekaa tu. Sijawahi kuona mtu akifurahia kiasi kile kuwa mzito.

Mashindano yalikuwa Scarborough, kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Pan Am ya 2015. Bwawa la mita 50. Hamsini ya tatu huko ni urefu mmoja mzima, kwenda bila kurudi. Kabla hajaenda kujipanga alinipa kazi: nihesabu mikono yake kwenye ile ya tatu, hiyo tu, ya kwanza na ya pili angejua mwenyewe. Nikakaa juu, nikasafisha miwani, nikakataa hata kuzungumza na jirani yangu.

Ya kwanza alikwenda kwa utulivu hadi nikaona aibu kwa niaba yake, wasichana watatu walikuwa mbele. Ya pili akamsogelea mmoja. Aligusa kwa mikono miwili, pamoja, nikaona wazi. Akatoka chini na nikaanza: moja, mbili, tatu. Kwenye nane nikaona kiuno hakijazama. Kumi, kumi na moja. Yule wa njia ya tatu alikuwa akianza kupanda mlima, kifua kimesimama, na mpwa wangu anampita kwa mwendo uleule, hakuongeza chochote, hakupunguza. Kumi na nne.

Alimaliza wa nne, 2:31 na kitu. Dakika kumi baadaye alinikuta chini ya ngazi, amejifunga taulo, midomo ya buluu, pete nyekundu za miwani kuzunguka macho.

"Mingapi, mjomba?"

Nilimwambia ukweli. Nilifika kumi na nne, kisha nilikuwa nimesimama juu ya kiti napiga kelele.

Alinitazama kama kocha anavyomtazama mtoto aliyegusa kwa mkono mmoja. "Basi nitamuuliza kocha," akasema, akaondoka kuelekea bwawa dogo la kupoozea mwili, na kutoka pale niliposimama niliona vidole vyake vinahesabu kitu pembeni ya paja.